Kilatini Kilichomo Katika Kiswahili Chetu



Wapendwa wasomaji, juma hili tunaomba ruhusa ya kuyaacha kidogo masomo ya Dominika ili tutafakari jambo la historia. Yamekuwa yakitufikia maswali ya namna mbili kuhusu lugha ya Kilatini. Wapo wanaouliza kwa nini kwaya zetu bado zinaimba Gloria na Sanctus kwa Kilatini, ilhali waimbaji wenyewe hawajui wanachokiimba. Wapo pia wanaotamani Kilatini kirudi altareni kila siku kwa sababu, wanasema, sala ya Kilatini ina nguvu kuliko sala ya Kiswahili. Wa kwanza wanakiona Kilatini kama maiti isiyostahili kutunzwa nyumbani. Wa pili wanakiona kama hirizi ambayo hufanya kazi hata kama mvaaji hajui kilichoandikwa ndani yake.

Sisi tunadhani kwamba pande zote mbili zimeliruka swali la msingi, nalo ni hili: je, tunaelewa? Na tunadhani kwamba pwani yetu hii, hasa Bagamoyo, ina mengi ya kutufundisha juu ya swali hilo.

MTOTO WA MISHENI NA LUGHA ZAKE

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863 wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Mwaka 1868 wakavuka bahari na kuanzisha misheni Bagamoyo, mahali ambapo misafara kutoka Tabora na Ujiji ilikomea, ikiwa na pembe za ndovu na wanadamu wa kuuzwa. Mapadre walikomboa watoto katika soko la watumwa la Unguja, na hata baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873 waliendelea kupokea waliookolewa na waliotoroka. Watoto hao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza wa misheni ya Bagamoyo.

Hebu tuwaze juu ya masikio ya mtoto wa namna hiyo. Amezaliwa bara, mama yake amembembeleza kwa Kiyao, au Kinyamwezi, au lugha nyingine ya mbali na bahari. Akiwa katika msafara amejifunza Kiswahili cha amri: beba, simama, nyamaza. Anafika misheni na kukuta mapadre wanaozungumza Kifaransa wao kwa wao, wanaomfundisha dini kwa Kiswahili, na ambao wakisimama altareni wanasali kwa Kilatini. Alielewa nini?

Tusijibu haraka kwa niaba yake. Jambo moja twaweza kulisema. Mbele ya altare hapakuwa na mtu aliyesali kwa lugha ya mama yake. Yule padre kutoka Ufaransa naye alikuwa mgeni katika Kilatini. Alikisoma darasani akiwa kijana kama vile mtoto huyu alivyokuwa akisoma herufi. Lakini kwa katekisimu mambo yalikuwa tofauti. Hapo mmisionari angeweza kudai mtoto ajifunze Kifaransa kwanza, naye hakudai. Alichagua yeye mwenyewe kujifunza Kiswahili. Uamuzi huo ndio uliozaa kazi kubwa ya tafsiri katika pwani yetu.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo hapana budi kumtaja Padre Charles Sacleux. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1856, akafika Unguja mwaka 1879, na kwa takriban miaka 20 alisikiliza na kuandika maneno ya watu wa pwani hii. Mwaka 1891 ilitoka kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili. Mwaka 1909 alichapisha sarufi ya Kiswahili pamoja na sarufi ya lahaja zake, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka kati ya mwaka 1939 na 1941, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1943. Alikuwa pia mtaalamu wa mimea, na katika kamusi yake mti wa Mswahili hupewa pia jina lake la Kilatini. Wataalamu nao walimrudishia heshima kwa njia hiyo hiyo: ipo jenasi ya mimea ya Afrika Mashariki inayoitwa Sacleuxia.

Haki inatudai tuwataje pia jirani zetu. Bagamoyo ni mji wa Kiislamu tangu kabla ya misheni, na watoto wake wamekuwa wakisoma Kurani kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi wao hawakuizungumza nyumbani. Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Manyema, mashariki mwa Kongo. Akajifunza Kiarabu na elimu ya dini, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria hadi alipofariki mwaka 1931. Wale waliomleta utumwani walikuwa wakisali kwa Kiarabu. Yeye akakisoma mpaka watu huru wakaja kuketi miguuni pake kujifunza. Lugha ya ibada, ikisomwa hadi kueleweka, yaweza kumwinua mtu ambaye dunia imemhesabu kuwa mali.

Kwa upande wa Kanisa, Kilatini kilikuwa mlango mwembamba wa upadre. Nchini Uganda, Victor Mukasa Womeraka na Bazilio Lumu walipadirishwa mwaka 1913, na mwaka 1917 wakafuata mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi yetu, huko upande wa Ziwa Viktoria. Kilatini ndicho kilichowapa falsafa na teolojia. Sisi tuliopita seminarini miaka mingi baadaye, tukikariri minyambuliko ya majina kama watoto wanavyokariri hesabu za kuzidisha, twaweza kukisia tu jasho lililowatoka wao, ambao hawakuwa na kamusi ya lugha yao mezani.

MANENO YALIYOVUKA

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, kwa maana humo ndimo historia ilimojificha. Mkristo Mkatoliki wa Bagamoyo husema Kilatini kila juma bila kujua. Akisema Misa, anatamka "missa", neno lenye uhusiano na kitenzi "mittere", yaani kutuma. Akisema Dominika, anasema siku ya "Dominus", yaani Bwana. Kwaresima ni "quadragesima", ya arobaini. Seminari ni "seminarium", kitalu cha miche, na kila anayelima bustani anajua kwamba mche haukai kitaluni milele. Kardinali anatokana na "cardo", bawaba ya mlango. Parokia ilipitia Kilatini kutoka Kigiriki, na asili yake ni kukaa ugenini. Paroko anayelijua jambo hilo hataisema parokia kana kwamba ni shamba lake la urithi.

Hayo ni maneno yaliyovuka bahari yakiwa na nguo zao. Mengine yalivuliwa nguo za Kirumi yakavikwa kanga. Tazama Kipaimara. Kwa Kilatini ni "confirmatio", na ndani yake mna "firmus", yaani imara. Watafsiri hawakuchukua sauti. Walichukua maana, wakaunda neno la kile kinachompa mtu uimara. Tazama Majilio. Kwa Kilatini ni "adventus": "venire" ni kuja, na kiambishi "ad" kinaonyesha kumwendea au kumjia fulani. Kiswahili kina njia yake ya kusema jambo hilo hilo. Kutoka "ja" tunapata "jia" na "jilia", na humo mna yule anayejiwa. Basi Majilio si kuja tu; ni kutujia sisi. Tazama pia Umwilisho, ambalo linafuata "incarnatio" hatua kwa hatua: "caro" ni nyama au mwili, na Kiswahili kikaupa mwili vitendo vya sarufi hadi fumbo likapata jina.

Yapo pia maneno ambayo Kiswahili kilikuwa tayari nayo kutoka Kiarabu, na wamisionari wakayapokea kwa unyenyekevu: kanisa, injili, msalaba, malaika, imani, sala, dhambi. Miongoni mwake ni neno neema, lililowekwa mahali pa "gratia". Hapa tunaona faida na hasara ya kila tafsiri. "Gratia" ni jamaa ya "gratis", yaani bure; Mrumi alipolisikia alisikia kitu kisicholipiwa. Neema katika Kiswahili cha pwani husikika kama wingi na ustawi; mwaka wa neema ni mwaka wa mavuno. Kwa hiyo Mswahili anapolisikia neno neema anaona ghala limejaa, lakini huenda asisikie kwamba ghala hilo hakulijaza yeye. Katekista anayelijua hilo ataongeza sentensi moja katika mafundisho yake, na sentensi hiyo itaziba pengo. Asipolijua, waumini wake watadhani neema ni malipo ya mtu mwema, na hapo imani nzima imepinda.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini jambo hili si la wasomi peke yao. Mtu anayetumia neno asilolijua anaweza kufundisha kinyume cha kile anachokiamini.

SAA YA WARUMI NA SAA YA MSWAHILI

Msomaji wa pwani ana urithi mmoja ambao Mwingereza hana anapofungua maandiko ya Kilatini. Warumi waliugawa mchana, tangu macheo hadi machweo, katika saa 12. Waliihesabu "hora prima" baada ya jua kuchomoza. "Hora tertia" ilikuwa katikati ya asubuhi, "hora sexta" adhuhuri, na "hora nona" alasiri. Bila shaka msomaji amekwisha kutabasamu. Prima ni moja, tertia ni tatu, sexta ni sita, nona ni tisa. Ni saa zetu zenyewe.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba anatoka kuajiri vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa, na hata saa kumi na moja. Mvuvi wa Bagamoyo hahitaji maelezo. Anajua kwamba aliyeajiriwa saa kumi na moja amefanya kazi kwa muda mfupi tu kabla ya giza. Vivyo hivyo Bwana wetu alikufa saa tisa, na Mswahili husikia saa tisa alasiri. Msomaji wa Kiingereza anayekutana na "saa ya tisa" hudhani ni asubuhi au usiku, mpaka afafanuliwe. Tena neno lao la adhuhuri, "noon", limetokana na hiyo hiyo "nona", ambayo kwa karne nyingi iliteleza kutoka saa tisa hadi saa sita.

Tofauti moja ipo. Kule Roma mchana wa kiangazi ni mrefu na wa baridi ni mfupi, kwa hiyo saa za Warumi zilirefuka na kufupika. Sisi tunaokaa karibu na Ikweta tuna mchana unaokaribia kuwa sawa mwaka mzima, na saa yetu ya kwanza haihami sana. Yaweza kusemwa kwamba hesabu ya Warumi inatulia zaidi Bagamoyo kuliko ilivyotulia kwao.

Na simu zilizo mikononi mwetu? Zinaandika a.m. na p.m., yaani "ante meridiem" na "post meridiem", kabla ya adhuhuri na baada yake. Septemba nayo ni mwezi wa saba kwa jina, ingawa ni wa tisa kwa hesabu, kwa kuwa mwaka wa kale wa Warumi ulianza Machi. Pwani inayohesabu Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili baada ya Ramadhani haiwezi kuona ajabu mwezi kuitwa kwa namba yake.

SARUFI ISIYO YA KUTISHA

Vijana wanaotamani kujifunza Kilatini huambiwa kwamba ni lugha ngumu. Ni kweli inadai bidii. Hata hivyo, ugumu mwingi unaosimuliwa vitabuni ni ugumu wa Mwingereza, kwa kuwa vitabu vyenyewe viliandikwa kwa ajili yake. Mswahili aanzie nyumbani kwake.

Kwanza, matamshi. Kilatini cha Kanisa kina irabu a, e, i, o, u, zinazotamkwa wazi kama zetu. Ndiyo maana kwaya zetu huimba Kilatini kwa sauti safi hata kabla ya kukielewa. Pili, Kilatini hakina maneno yale madogo ambayo Waingereza na Wafaransa huyatanguliza mbele ya kila jina. "Panis" ni mkate, basi, kama kwetu.

Tatu, kitenzi. Mwingereza hutumia maneno mawili au matatu pale ambapo Mrumi na Mswahili hutumia moja. "Amat" ni anapenda. "Amabit" ni atapenda. "Amatur" ni anapendwa. Kilatini kimegeuza mwisho wa neno ili kuonyesha kutendwa, nasi tumeingiza "w" karibu na mwisho kwa kazi hiyo hiyo. Tena lipo jambo moja linalofurahisha kila mara tunapolifundisha. "Oramus" ni tunaomba. "Oremus" ni tuombe. Katika lugha zote mbili irabu "a" imegeuka kuwa "e", na habari imegeuka kuwa himizo. Lugha hizi si ndugu kwa damu, na mfanano huo umetukia tu. Lakini mwalimu mwenye busara hatauacha upite bure.

Nne, upatanisho. "Liber magnus" ni kitabu kikubwa, "libri magni" ni vitabu vikubwa. Mrumi hupatanisha kwa kubadili mwisho wa maneno, Mswahili kwa kubadili mwanzo. Mtoto wa miaka minne wa Bagamoyo hawezi kusema "vitabu kikubwa". Sikio lake litakataa. Sikio hilo hilo likielekezwa kwenye mwisho wa neno litakipokea Kilatini mapema kuliko tunavyodhani. Palipo pagumu kweli ni mahali pengine: jina la Kilatini hubadilika kufuatana na kazi yake katika sentensi. Mkate unaoliwa ni "panem", lakini ule unaoanguka wenyewe ni "panis". Kiswahili huacha jina lilivyo na kukabidhi kazi hiyo kwa kitenzi na mpangilio wa maneno. Hapo hapana njia ya mkato. Ni kukariri.

MWAKA 1963 NA BAADA YAKE

Tarehe 4 Desemba 1963 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha Konstitusio juu ya Liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Kardinali Laurean Rugambwa, wakati ule Askofu wa Bukoba na baadaye Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa Mababa hao. Wengi husema kwamba Mtaguso ulikifuta Kilatini. Haukukifuta. Uliagiza matumizi yake yahifadhiwe katika madhehebu ya Kilatini, ukafungua mlango mpana kwa lugha za watu, na ukataka waumini waweze kusema au kuimba pamoja, hata kwa Kilatini, sehemu zinazowahusu. Sababu iliyotolewa ni waumini washiriki wakijua wanachokifanya.

Afrika haikungoja Mtaguso ili kujaribu. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, Padre Guido Haazen na kwaya yake walitayarisha Missa Luba, ambamo maneno ya Kilatini yalibaki yalivyo lakini ngoma na mapigo vikawa vya Kikongo. Baada ya Mtaguso njia ikageuka: mapigo yakabaki ya kwetu na maneno pia yakawa ya kwetu.

Mwaka 1969 una mahali pa pekee katika habari hii. Mwaka huo Papa Paulo VI alitangaza Misale mpya ya Kirumi, ambayo ilipaswa kutafsiriwa katika lugha za mataifa yote. Mwaka huo huo tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilichapishwa. Na mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alitoa Juliasi Kaizari, tafsiri yake iliyosahihishwa ya tamthilia ya Shakespeare juu ya yule Mrumi maarufu. Padre, sheikh na rais, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakibishana na tatizo lile lile: namna ya kulifikisha neno la kigeni katika Kiswahili bila kulimwaga njiani.

Kanisa lenyewe limekuwa likitafuta uwiano. Mwongozo wa mwaka 1969 uliwataka watafsiri wafuate maana na kuwajali wasikilizaji. Ule wa mwaka 2001, Liturgiam authenticam, ukataka wakae karibu zaidi na maneno ya Kilatini. Mwaka 2017 Papa Fransisko, katika Magnum Principium, akayarudishia Mabaraza ya Maaskofu sehemu kubwa zaidi ya wajibu wa kutafsiri. Anayesoma habari hizi kwa juu ataona mabishano ya wakubwa. Anayezisoma kwa makini ataona shaka ya kila mtafsiri: nikilifuata neno, msikilizaji atapotea, nikimfuata msikilizaji, neno litapotea.

KILATINI CHA ZAHANATI NA CHA MAHAKAMA

Tusidhani kwamba Kilatini kinakaa sakristia tu. Mgonjwa akitoka kwa daktari na karatasi iliyoandikwa "t.d.s.", ameandikiwa "ter die sumendum", yaani ya kunywewa mara tatu kwa siku. Mfamasia mwema humwambia kwa Kiswahili kilicho wazi: kutwa mara tatu. Kituo cha utafiti cha Ifakara kilichopo Bagamoyo kimeshiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, na kijidudu kinachopigwa vita huko ni Plasmodium falciparum. Jina la pili limetokana na "falx", mundu, kwa sababu ya umbo lake katika hatua moja ya maisha yake. Hata neno chanjo lina jambo la kutufundisha. Wazungu wanasema "vaccine" kutoka "vacca", ng'ombe, kwa kuwa kinga ya ndui ilitokana na ugonjwa wa ng'ombe. Mswahili alitazama kilichompata mkononi, akasema amechanjwa. Kilatini kimekumbuka ng'ombe, Kiswahili kimekumbuka wembe.

Mahakamani mambo ni mazito zaidi. Mshtakiwa anaweza kusikia kwamba upande wa mashtaka umewasilisha "nolle prosequi" na asijue kwamba maana yake ni kutotaka kuendelea na mashtaka. Mwingine anaambiwa hana "locus standi", yaani hana mahali pa kusimama katika shauri hilo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Ni hatua kubwa, nayo inawapa mawakili wetu kazi ile ile aliyokuwa nayo Padre Sacleux, kwa kuwa hawezi kutafsiri vema "locus standi" yule ambaye mwenyewe hajapata kujua "locus" ni nini. Mtu asiyeielewa lugha inayomhukumu hana tofauti kubwa na yule mtoto aliyesimama sokoni huku bei yake ikitajwa kwa lugha ya wengine.

Ufukweni nako kuna shule. Mkoko huitwa Rhizophora mucronata, wenye kubeba mizizi na wenye ncha kali. Mnazi ni Cocos nucifera, wenye kuzaa kokwa. Mchu wa matopeni ni Avicennia marina: "marina" ni wa baharini, na Avicennia ni heshima kwa Ibn Sina, tabibu Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, ambaye vitabu vyake vilitafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kilatini na kufundishwa Ulaya kwa karne nyingi. Kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa mwaka 2011 mmea mpya haukukubaliwa na wataalamu pasipo maelezo ya Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa, ila majina yenyewe yamebaki ya Kilatini.

Yupo pia yule mwandishi wa habari. Tarehe 11 Februari 2013 Papa Benedikto XVI aliwatangazia makardinali, kwa Kilatini, kwamba anang'atuka. Giovanna Chirri, mwandishi wa shirika la habari la Italia ANSA, alikuwa akifuatilia, akayaelewa maneno hayo, na habari hiyo ikaenea duniani. Wengine walisikia sauti ile ile, lakini hawakuwa na habari ya kuandika.

TUFANYE NINI?

Tuhitimishe kwa mambo machache ya kutenda. Kwa kwaya: msiimbe neno la Kilatini ambalo hamjaambiwa maana yake, na kiongozi asiyeijua aulize kabla ya mazoezi. Kwa makatekista: mwulizeni padre asili ya maneno mnayoyafundisha, maana mtoto anayejua kwamba Kipaimara ni cha kumpa uimara hatakiona kama sherehe ya nguo nyeupe. Kwa waseminari: kanuni ya 249 ya Sheria za Kanisa inawataka mjue vema lugha yenu na pia Kilatini, hizo mbili zimetajwa pamoja, na asiyejua Kiswahili vizuri hatakuwa na chombo cha kutilia kile anachokichota. Kwa wanaokitumia Kilatini kama dawa ya kuogopesha mapepo: sala ni maneno kwa Baba, na Baba anatusikia kwa lugha yoyote tunayoielewa.

Kwa wanaosema kimekufa, tunawaomba wakihurumie. Mwaka 2025 Bagamoyo imefanywa jimbo, zaidi ya miaka 150 tangu misheni ianze. Imani ile haikutufikia ikiwa imefungwa kama mzigo usiofunguliwa. Ilitufikia kwa sababu watu fulani, wamisionari na pia wale wa pwani walioulizwa asubuhi hadi jioni "hiki mnakiitaje?", walikubali taabu ya kutafuta neno mpaka likapatikana. Majina ya wengi kati ya waliojibu maswali hayo hatunayo. Tunayo maneno yao, na tunayatumia kila Dominika. Njia moja ya kuwashukuru ni kuyaelewa.